Ugumu Si Utukufu

Fizikia ni elimu ya mambo yaliyo wazi mbele ya macho ya kila mtu. Huuliza kwa nini jiwe huanguka, kwa nini chuma hupata moto kikisuguliwa, kwa nini mwanga wa radi hutangulia na ngurumo hufuata. Hakuna mtoto ambaye hajapata kuuliza maswali ya namna hii. Walakini katika vyuo vyetu vikuu elimu hii imekuwa jina la kutisha. Kijana aliyeipenda shuleni huikimbia chuoni, na aliyevumilia mpaka mwisho husema kwamba amenusurika, kama mtu aliyetolewa katika ajali. Insha hii ina shabaha moja. Yataka kuonyesha kwamba hofu hiyo haikuzaliwa na fizikia. Imezaliwa na desturi mbaya ya kuifundisha, na desturi hiyo huishi kwa sababu tumeukubali uongo mmoja: kwamba somo linaloangusha wengi ndilo somo tukufu.

Nitasema habari hii kwa mifano ya Nakuru na Bonde la Ufa la kati, kwa kuwa sijui mahali pengine ambapo fizikia imeandikwa juu ya ardhi kwa herufi kubwa zaidi. Tena huko ndiko Njoro, ambako shule ya kilimo iliyoanzishwa na Bwana Maurice Egerton mwaka 1939 ilikua hata ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Lawama yangu haielekezwi chuo hicho wala chuo kingine kimoja. Ugonjwa ninaousema umeenea katika nchi nyingi, na mtu akitaka kuutibu haanzi kwa kumtukana mgonjwa mmoja.

Tazama kwanza utajiri ulioko. Mpishi wa Mombasa akihamia Molo hushangaa kuona maharage yake yanakawia kuiva, ijapokuwa maji yanatokota kwa nguvu. Sababu ni kwamba Molo iko juu sana, kiasi cha mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa inayoyalemea maji ni haba. Kwa hiyo maji huko hutokota yakiwa na joto la nyuzi 92 hivi za Selsiasi, badala ya nyuzi 100 za pwani. Yakisha kutokota hayapandi tena joto, hata moto ukichochewa namna gani. Maharage hayajui kwamba maji yanatokota. Yanajua joto tu.

Sasa igeuze kanuni hiyo hiyo. Mgandamizo ukipungua maji hutokota mapema, basi mgandamizo ukizidi maji hukawia kutokota. Ndiyo hali ya maji yaliyomo chini kabisa ya ardhi ya Olkaria, karibu na Naivasha. Miamba yenye moto imeyapasha joto mpaka kupita nyuzi 200, lakini uzito uliolala juu yake huyazuia yasigeuke mvuke yote. Kisima kikichimbwa, maji hayo hupanda, mgandamizo hupungua, nayo huchachamaa kuwa mvuke unaozungusha mitambo ya umeme. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kazi mwaka 1981 kwa megawati 15, na kufikia mwaka 1985 mitambo yake ilitoa megawati 45. Mwaka 2011 uchimbaji ulianza katika bonde la volkano la Menengai, juu ya mji wa Nakuru, na mwaka 2023 mtambo wa megawati 35 ulianza kutoa umeme huko.

Sufuria ya maharage ya Molo na kisima cha Olkaria hutii amri moja. Mwalimu aelezaye jambo hili kwa saa moja humpa mwanafunzi kitu ambacho hatakisahau maisha yake yote. Lakini sikiliza masimulizi ya vijana warudipo nyumbani kwa likizo, uone wanachopewa.

Husema kwamba siku ya kwanza ya masomo waliambiwa watazamane kulia na kushoto, wakaelezwa kwamba mmoja katika kila wawili hatafika mwisho. Husema kwamba ukumbi ulijaa mamia ya watu, waliokaa nyuma wasisikie, na mhadhiri akaupa ubao uso na wanafunzi mgongo, akaandika alama mpaka saa ikaisha. Hesabu za namna mpya zilitumika tangu juma la kwanza, na huku somo la hesabu lenyewe lilikuwa halijafika huko. Aliyenyosha mkono kuuliza aliambiwa kwamba swali lake ni la kidato cha pili. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza. Katika maabara, watu sita au wanane walizunguka chombo kimoja: mmoja akasoma vipimo, wa pili akaandika, waliobaki wakanakili. Vipimo vilipokataa kulingana na kitabu, vilipikwa mpaka vikalingana. Mtihani ulipokaribia, nakala za mitihani ya miaka iliyopita zilipita mkono kwa mkono, watu wakakariri majibu usiku kucha. Kisha orodha ikabandikwa ukutani, na wengi wakajikuta katika mtihani wa marudio.

Katika safari yote hiyo nionyesheni fizikia ilikuwa wapi. Aliyefaulu alifaulu kwa kukumbuka. Aliyeanguka aliangushwa na hofu, au na kiti cha nyuma. Hata vipimo vya maabara, ambavyo ndivyo sauti ya maumbile yenyewe, vilinyamazishwa ili kitabu kisiaibike. Huo si ugumu wa fizikia. Ugumu wa kweli ni kulitazama jambo geni mpaka sababu yake ionekane, nao una raha ndani yake kama raha ya mpandaji mlima. Ugumu wa pili ni wa kutiwa mawe njiani na mtu aliyepewa kazi ya kukuongoza.

Madhara ya elimu ya namna hii hayaishii katika karatasi za mtihani. Barabara kuu itokayo Mau Summit kuja Nakuru hushuka mteremko mrefu kupita Sachang'wan hadi Salgaa, na kwa miaka mingi mteremko huo umewaua wasafiri wengi. Madereva wengine wa malori walizoea kuondoa gia ili gari lijiteremkie lenyewe na mafuta yabaki. Fizikia ina neno la kusema hapa. Lori la tani 40 likishuka kimo cha mita 100 huachilia nishati ya jouli milioni 40. Nishati hiyo haifi. Haina budi kwenda mahali. Gia ikiwa imo, injini husaidia kuizuia. Gia ikiondolewa, mzigo wote huangukia breki, na joto lake latosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji baridi. Rudia kimo hicho mara mbili au tatu, breki zitashika moto na kuacha kushika gurudumu.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwa kunakili ataiandika fomula ya nishati upesi kuliko mwenye kuelewa. Lakini mwambie amweleze dereva, kwa maneno ya kawaida, kwa nini asiondoe gia Salgaa, utamwona akitafuta fomula nyingine. Ana ufunguo mfukoni wala hajui kwamba ni ufunguo. Akesho huyu ndiye atakayepewa darasa la watoto 50 Elburgon au Subukia awafundishe, naye atawapa alichopewa. Ndivyo desturi mbaya inavyorithiwa, mwalimu kwa mwalimu, kama deni la baba.

Wateteao desturi hii wana hoja tatu, na haki yataka zisikilizwe.

Hoja ya kwanza ni ya chekecheke. Husemwa kwamba taifa halitaki wahandisi dhaifu, kwa hiyo mtihani mkali huwachekecha watu ili pumba zipeperuke na nafaka zibaki. Nakubali kwamba mtihani lazima uwe mkali. Daraja likijengwa na mjinga huanguka bila kuuliza kama mjenzi alikuwa mtu mwema. Lakini mwenye kuchekecha nafaka huwa kwanza amelima, amepanda, na amepalilia. Mkulima wa Njoro akivuna magunia matatu mahali pa thelathini, hasimami sokoni kujisifu kwamba shamba lake ni kali. Majirani watamwuliza alipalilia lini. Mbona mwalimu ambaye nusu ya darasa lake imeanguka aruhusiwe kujisifu? Tena chekecheke hii haichagui inachodai kuchagua. Hubakiza wenye kumbukumbu, wenye pesa za nakala, na wenye ndugu waliotangulia chuoni. Humpeperusha mtoto wa mchuma maua wa Naivasha, ambaye pengine angeuliza swali la maana kuliko wote.

Hoja ya pili ni kwamba fizikia ni ya wachache waliozaliwa nayo. Kwa hoja hii namleta shahidi kutoka kwa jirani zetu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, nchini Tanganyika, nchi ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya moto. Desturi ilikuwa kuyaacha maziwa yapoe kwanza, lakini siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliyatia yakiwa bado na moto. Akaona yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa bila moto. Alipomwuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na wenzake wakamfanyia mzaha. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa huko Iringa, alimwuliza swali lile lile Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyewatembelea. Wanafunzi wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha habari yake pamoja katika jarida la ualimu wa fizikia. Leo jina la Mpemba limo katika vinywa vya wanafizikia wa dunia nzima. Wengine wamelithibitisha jambo lake, wengine wamelitilia shaka, na mwaka 2016 wachunguzi wawili huko Uingereza waliandika kwamba hawakuliona walipolipima kwa uangalifu. Ubishi huo haumpunguzii kitu. Swali linaloshughulisha wataalamu kwa zaidi ya nusu karne si swali la mpumbavu.

Basi tofauti ya walimu wale wawili ilikuwa nini? Yamkini wote wawili walizijua kanuni za joto. Wa kwanza alitumia elimu yake kulizima swali, wa pili akaitumia kulipima. Kama Osborne angecheka na wenzake, tungesema hadi leo kwamba Mpemba hakuzaliwa na fizikia. Ni akina Mpemba wangapi wamenyamazishwa katika kumbi zetu, na sisi tukahesabu kimya chao kuwa upungufu wa akili?

Hoja ya tatu ni ya umaskini, nayo ni hoja yenye heshima kuliko mbili za kwanza. Wahadhiri husema kwamba madarasa ni makubwa mno, vyombo ni vichache, na malipo hukawia. Ni kweli. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma vya Kenya waligoma kwa majuma saba wakidai haki yao, na masomo yaliyopotea yakasongwa katika muda uliobaki. Serikali inayotaka umeme wa Menengai bila kumlipa anayefundisha habari za mvuke inataka maziwa ya ng'ombe asiyelishwa. Lakini umaskini unaweza kutoa udhuru wa uhaba wa vyombo. Hauwezi kutoa udhuru wa dharau. Kumjibu mwanafunzi kwa upole hakugharimu shilingi. Kuuliza swali kabla ya kutoa jibu hakuhitaji maabara. Sufuria, kipimajoto, uzi na jiwe hupatikana Nakuru hata siku ya mgomo.

Wala utajiri peke yake hauponyi. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Harvard nchini Marekani, alikuwa na kila chombo alichotaka, na wanafunzi wake walimsifu na kufaulu mitihani. Karibu na mwaka 1990 aliwapa maswali mepesi juu ya nguvu na mwendo, yasiyohitaji hesabu. Mmoja akamwuliza kama ajibu kwa namna alivyofundishwa, au kwa namna anavyofikiri mwenyewe. Mazur akatambua kwamba alikuwa amewafundisha kukokotoa bila kuelewa. Tangu mwaka 1991 akaibadili njia yake: huuliza swali, kila mwanafunzi huchagua jibu lake, kisha humgeukia jirani na kubishana naye kwa hoja, ndipo mwalimu huja kueleza. Mwaka 1998 Richard Hake alichapisha hesabu ya wanafunzi zaidi ya 6,000 wa madarasa mbalimbali. Waliofundishwa kwa kushirikishwa walipata maendeleo ya kuelewa kiasi cha maradufu ya wale waliosikiliza tu. Njia hii yafaa zaidi penye watu wengi na vyombo vichache, maana kila mtu ana jirani, na jirani hanunuliwi.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa hulipuuza, nalo ni lugha. Fizikia yetu hufundishwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi huifikiria kwa lugha nyingine. Katika mazungumzo ya kila siku neno letu uzito hubeba maana mbili ambazo fizikia huzitenga. Gunia la viazi la kilo 50 likitoka Molo na kupelekwa mwezini, kiasi cha viazi hakibadiliki, lakini mvuto unaolivuta chini huwa karibu sehemu moja ya sita tu. Wataalamu wa Kiswahili wamekiita kile kisichobadilika tungamo, na kile kinachobadilika wakakiachia jina la uzito. Mwalimu akitua kwa dakika tano kuyatenga maneno haya mawili, huokoa majuma ya machafuko. Asipotua, mwanafunzi huchanganya mambo mawili muhula mzima, akaanguka, akaambiwa hana kichwa cha fizikia. Kichwa alikuwa nacho. Alichokosa ni neno.

Sasa nawageukia ninyi vijana wa sekondari, maana siku si nyingi mtasimama kwenye milango ya vyuo hivyo. Sitawadanganya kwamba fizikia ni nyepesi. Itawadai hesabu, itawadai saa za usiku, itawadai kuanza upya mara nyingi. Mwenye kutaka elimu isiyo na jasho asiitafute kwake. Lakini ninyi pia mna sehemu katika uovu niliousema. Mnapopokea nakala za majibu bila kuuliza sababu, mnaulisha uongo. Mnapovipika vipimo vya maabara, mnajifunza kusema uwongo juu ya maumbile, na maumbile hayadanganyiki. Mnapomcheka mwenzenu aliyeuliza, mmeketi pamoja na wale waliomcheka Mpemba.

Wengi wenu mmesikia kwamba fizikia ni ya vichwa vichache, nanyi mkatamani kuiacha mara mruhusiwapo kuchagua masomo. Kabla ya kuiacha, tazameni ni nini mnachokiacha. Kama mmechoshwa na kuogofya kwa mtu, msiihukumu elimu kwa kosa lake. Nendeni jikoni na kipimajoto. Simameni ndani ya matatu iendayo Njoro, mjiulize ni nani aliyewasukuma mbele dereva alipofunga breki. Mtakapopata jibu bila kumtaja mtu, mtakuwa mmekwisha kuanza.

Na wale miongoni mwenu mtakaokuwa walimu, nawaomba neno moja. Msiwaambie wanafunzi wenu siku ya kwanza ni wangapi watakaoanguka. Kiongozi wa wasafiri hapati sifa kwa idadi ya waliopotea msituni. Hesabuni waliofika, na wale waliochelewa nyuma rudini mkawachukue, kwa maana mlima ni mrefu vya kutosha bila ninyi kuurefusha.